Maji ya Kwenye Skrini

Tulimwacha Mhandisi wiki iliyopita na simu sikioni, na mpaka leo hajapata hata nafasi ya kukaa. Ukutani mbele yake, skrini pana kuliko meza ya chakula inaonyesha tangi kuu la mji limejaa hadi shingoni. Kwenye simu, muuguzi wa wodi ya figo anamwambia mabomba ya hospitali yamekauka.

Mmoja kati ya hao wawili alikuwa anamdanganya.

"Sista, hebu rudia," Mhandisi alisema. "Yamekauka, au yanatoka kidogo?"

"Yamekauka, dada. Nimefungua bomba, limekohoa, basi. Tunatumia akiba ya tangi la juu ya paa, na fundi wetu anasema haitufikishi mbali. Nina wagonjwa wanne kwenye mashine, na mmoja wao unamjua."

Alimjua sana. Alikuwa dada yake, mkubwa wake wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Juzi alikosa zamu ya kusafishwa damu kwa sababu mashine ilikuwa mbovu, na daktari hakuzunguka mbuyu: akiikosa na ya leo, moyo wake unaweza kusimama wakati wowote.

"Amefika nusu?"

"Hata robo hajafika."

"Msimtoe kwenye mashine. Unanisikia, Sista? Nakuletea maji."

Alisema hivyo kama mtu anayetoka kwenda kuchota kwa ndoo. Kisha akageuka, akakuta chumba kizima kinamtazama.

Chumba cha udhibiti wa maji siku hiyo kilijaa watu wasio na kazi humo. Mchana mgeni rasmi alikuwa anakuja kuzindua mfumo mpya wa kidijitali, ule uliowaondoa wahudumu wote kwenye nyumba za pampu na kuhamishia kazi yao kwenye skrini moja. Nje, maturubai yalishasimama na viti vilishavalishwa vitambaa vyeupe. Kijana wa spika alikuwa akihesabu moja mbili, moja mbili, kana kwamba tatu hajafundishwa.

"Nini tena?" aliuliza Mkurugenzi wa maji. Suti yake mpya bado ilikuwa na lebo mkononi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Hospitali haina maji."

"Tangi limejaa. Waambie wakaangalie mabomba yao."

"Hospitali nzima, Bosi?"

"Unaiona skrini au huioni?"

Mhandisi aliiona. Alikaa, akabonyeza valvu ya njia ya hospitali. Skrini ikatii papo hapo: valvu imefunguka, maji yanapita, kila kitu kijani kibichi.

"Sista, fungua bomba sasa."

Alisikia nyayo, halafu mlio wa koki ikizungushwa, halafu muuguzi akashusha pumzi.

"Hakuna kitu."

Mkurugenzi akatoa macho. "Tumedukuliwa! Nilijua tu! Kuna watu wanataka kuniaibisha mbele ya mgeni!" Tayari alishatoa simu yake kuwaita watu wa usalama, na usoni alionekana kama amepata nafuu. Adui wa nje ni mtamu. Hakuna anayemuuliza bosi maswali kuhusu adui wa nje.

Na Mhandisi karibu amwamini. Kama kuna mtu ameingia kwenye mfumo, basi ameshika maji ya mji mzima, na hakuna anayejua yuko wapi wala anataka nini.

Hapo ndipo alipouona mstari wa buluu.

Ulikuwa mstari wa kina cha tangi, na ulishuka kidogo ukapanda tena. Mtu mwingine asingejali. Yeye aliganda. Tangi hushuka hivyo pale machujio yanapooshwa, na leo hakuna aliyeosha machujio. Yeye mwenyewe ndiye aliyekataza, ili maji yasipungue mbele ya mgeni. Yalioshwa jana, wakati wa mazoezi ya uzinduzi.

"Hii si leo," alisema polepole. "Hii ni jana."

"Unasemaje?"

"Bosi, tunaangalia jana!"

Alimgeukia mtu mmoja tu. Aliitwa Kishikwambi, fundi wa kampuni iliyofunga mfumo, kwa sababu kishikwambi chake, ile kompyuta bapa ya mkononi, hakikuachana na kiganja chake. Wengine waliapa anaingia nacho hata msalani. Sasa alikuwa amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Sema," Mhandisi alimwambia.

"Injinia, mnakumbuka jana Bosi aliuliza, je, mgeni akiingia halafu taa nyekundu zianze kuwaka? Nikarekodi zile saa nzuri za mazoezi. Nikaziweka zijirudie. Hali ya maonyesho, tunaiita. Ilikuwa niiwashe mgeni akishuka garini tu."

"Halafu?"

"Jana jioni nikaijaribu, kuona kama inakubali."

"Ikakubali?"

"Ikakubali vizuri sana," alisema Kishikwambi, sauti inatoweka. "Nikasahau kuizima."

Hakuna aliyecheka. Tangu jana jioni mji mzima ulikuwa unaendeshwa kwa sinema. Vitufe vilivyobonyezwa usiku kucha na asubuhi yote vilibonyezwa kwenye maigizo. Tena Mhandisi hakuwa na ubavu wa kumpigia mtu kelele, maana jana alikuwapo hapo hapo, aliusikia mpango wote, na alichosema ni kwamba mgeni akiondoka kitu hicho kitolewe.

"Kitoe sasa."

"Lazima nizime mfumo wote na kuuwasha upya. Karibu saa nzima."

"Hiyo saa hatuna."

Akampigia mlinzi wa nyumba ya pampu, kule mtoni. Alikuwa mtu pekee aliyebaki huko, na kazi yake ilikuwa kulinda geti.

"Mlinzi, mashine zinanguruma?"

"Hapana, mama. Kimya tangu alfajiri."

"Tangu alfajiri! Mbona hukupiga simu?"

"Nilidhani ndiyo dijitali yenyewe imeanza," mlinzi alijibu kwa heshima zote. "Walisema haitakuwa na kelele."

Mhandisi alifumba macho. Akamwelekeza mlango, akamwelekeza kabati, akamwelekeza kitufe cha kijani. Punde akasikia mngurumo wa pampu ukipanda nyuma ya sauti ya yule mlinzi, na roho ikamrudia kidogo. Maji yalianza safari. Lakini kutoka mtoni hadi kilimani, bomba likiwa tupu, ni safari ndefu, na akiba ya paa la hospitali haikuwa na subira hiyo.

"Twende," alimwambia Kishikwambi. "Gari lako."

"Wapi?"

"Tukalione hilo tangi kwa macho."

"Mgeni atafika mkiwa huko!" Mkurugenzi alipaza sauti.

"Mwonyeshe skrini, Bosi," Mhandisi alijibu akiwa mlangoni. "Imejaa maji."

*

Garini Kishikwambi aliendesha kwa woga na kuongea kwa kasi. Mhandisi alipiga simu wodini. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa.

Ya tatu ilikuwa inaingia, si kutoka. Alipoona ni nani, alisonya.

Alikuwa shemeji yake, mume wa dada, mkuu wa zamu kwenye kituo cha kufua umeme. Wawili hawa hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Wasomaji wa tangu mwanzo wanakumbuka walivyorushiana maneno kwenye korido ya hospitali. Kwa waliojiunga leo, inatosha kujua kwamba wiki nzima mume huyu hakukanyaga wodini, kila siku zamu, kila siku dharura ya kazini.

"Shemeji," alisema. Nyuma yake mitambo ilikuwa inapiga kelele hadi maneno yanakatika. "Maji ya kupoza mitambo yamepungua. Mkinikatia, mitambo inajizima yenyewe. Nipe maji."

"Hospitali pia hawana."

"Najua."

"Unajua? Na unajua nani yuko kwenye mashine?"

"Shemeji, sikiliza. Umeme ukizima na hizo pampu zako zinazima. Kuviamsha vinu hivi nahitaji maji, na wewe kuyapandisha maji unahitaji umeme wangu. Tukianguka, tumeanguka wote. Nipe mimi kwanza."

"Nitaangalia kilichopo," alisema, akakata.

Maneno yake yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomuudhi. Katika mji ule maji yalisukumwa na umeme, na umeme ulipozwa na maji. Wakati wa kuuza mfumo, Kishikwambi alilionyesha jambo hilo kwa mishale mizuri ya rangi, na watu walipiga makofi.

Tangi lilisimama kilimani, jeupe, la zege, na ngazi ya chuma ubavuni. Mhandisi alipanda bila kutazama chini. Alifungua kifuniko, akaingiza kichwa.

Harufu ya unyevu ilimpiga usoni. Mwanga ulishuka, ukashuka, ukaenda kugusa maji mbali kabisa, chini karibu na sakafu. Mtu angesimama humo na asilowe magoti.

"Yapo?" Kishikwambi alipaza sauti kutoka chini.

"Yapo ya mmoja," alisema. Alisema kwa sauti ndogo, na ilibidi arudie.

Alishuka mbio hadi chumba cha valvu, shimo la zege lenye balbu moja na feni ya ukutani inayofukuza unyevu. Humo bomba kuu liligawanyika. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye kituo cha umeme, wa kushoto hospitalini. Kila mkono ulikuwa na usukani wa chuma, umepakwa rangi mpya kwa ajili ya mgeni. Alizigusa valvu zote mbili, akaangalia vipimo vyake. Njia zote mbili zilikuwa wazi nusu, na maji yaliyobaki yalikuwa yanagawanyika hivyo hivyo, huku hayana nguvu ya kupanda paa la hospitali, na kule hayatoshi kupoza chochote. Lazima mmoja afungiwe.

Alipiga tena wodini. Iliita mpaka ikakoma.

"Kwa nini hawapokei?" aliuliza, na Kishikwambi alitazama kishikwambi chake kwa mazoea. Kilimwonyesha tangi lililojaa.

Simu ililia. Shemeji tena.

"Umefika? Nipe maji sasa hivi, nina dakika chache. Taa za hatari zinawaka hapa, za kweli, si za kwenu."

"Yapo ya mmoja tu."

"Basi nipe mimi."

"Mkeo yuko kwenye mashine!" Mhandisi alipiga kelele, na shimo lile likamrudishia kelele zake. "Mkeo! Ulimwoa wewe, si mimi! Hospitali wana jenereta, umeme wako si lazima kwao. Maji hawana pengine pa kuyapata!"

"Shemeji, tafadhali, jenereta lile halibebi kila..." Mitambo ilimmeza. Maneno yalitoka vipande. "...nimeshapanga... usifunge... nitakueleza..."

"Wiki nzima umekuwa na maelezo."

"Nisikilize kwanza!"

"Kaa na vinu vyako," alisema, akamkatia simu.

Ndugu msomaji, usimkalie kikao upesi. Alijua anachofanya. Alijua kuna mji mzima upande wa kulia, wenye mashine za kusaga, maduka ya dawa na majokofu yake, benki na mikanda ya viwanda, na shule zilizohamisha mitihani kwenye kompyuta mwaka huu huu. Upande wa kushoto alikuwa mwanamke mmoja aliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Aliwapenda watu wa mji wake, lakini dada yake alimpenda zaidi, na siku hiyo hakuona aibu hata kidogo.

"Shika huo wa kulia," alimwambia Kishikwambi. "Funga."

"Injinia, kituo cha umeme..."

"Funga!"

Kishikwambi alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Alikiweka kishikwambi chini, kwenye sakafu yenye maji, akashika usukani kwa mikono miwili. Ulikuwa mgumu. Aliukalia karibu kwa uzito wake wote mpaka ukakubali, na rangi mpya ikambaki viganjani.

Mhandisi aliufungua wa kushoto mpaka mwisho. Bomba lilitetemeka chini ya mikono yake, likaguna, kisha likaanza kuvuma sawasawa. Maji yalikuwa yanakwenda. Aliweka shavu lake kwenye chuma kile baridi, akayasikiliza yakiteremka kuelekea hospitalini, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Yanakwenda," alisema. "Dada, yanakwenda."

Walikaa hapo hivyo, wakihema. Kishikwambi alianza kucheka cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. Alikuwa bado anacheka balbu ilipofifia.

Ikafifia, ikang'aa ghafla, ikazima. Feni ya ukutani ikaendelea kuzunguka kidogo kwa mazoea, ikasimama. Walipotoka nje juani, mji ulikuwa umenyamaza chini yao. Mashine za kusaga hazikusikika. Hata sauti ya spika ya sherehe, iliyokuwa inafika kilimani na moja mbili yake, haikuwapo tena.

"Imezima kweli," Kishikwambi alinong'ona.

"Nilijua itazima." Mhandisi alijaribu kuonekana jasiri. "Itarudi."

Simu yake ikalia. Wodi ya figo, hatimaye! Aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Dada, maji yamefika!" Muuguzi alikuwa anahema lakini anafurahi. "Yamefika mpaka juu, yanatoka kwa nguvu. Jenereta limewaka, mashine zangu tatu zinafanya kazi. Mungu akubariki, mikono yako isipungukiwe!"

"Tatu?"

"Eh?"

"Sista, ulikuwa na wagonjwa wanne."

"Ah, dada yako hayupo hapa. Sikuwa na nafasi ya kupokea simu, tulikuwa tunamtoa kwenye mashine. Nilidhani unajua."

Mhandisi alishika ukuta wa tangi. "Yuko wapi?"

"Anahamishwa hospitali ya jeshi, wale wana kisima chao. Shemeji yako ndiye aliyepanga kila kitu. Alipoona maji yanapungua kule kwake, alipiga hapa mara moja, akaongea na daktari, akaleta gari la wagonjwa la kituo chao. Lipo chini getini linasubiri. Alisema atakupigia akueleze."

Ile sauti iliyokatika katika, imemezwa na mitambo, ilimrudia yote kwa pamoja. Nimeshapanga. Usifunge.

"Ameshapanda kwenye gari?"

"Nadhani bado. Wametoka hapa sasa hivi na mhudumu, kwa machela. Ghorofa ya tano hii, kwa ngazi haiwezekani, wameingia kwenye..."

Kwenye simu zilisikika mashine zake tatu zikipiga milio yake ya kawaida, na mtu mbali akiita jina la mtu.

"Sista. Lifti iko kwenye jenereta?"

"Jenereta ni la upasuaji na wodi," muuguzi alisema, na furaha yote ilishamtoka. "Lifti haimo. Ngoja. Ngoja nikaangalie."

Nyayo zikakimbia. Simu ikabaki wazi, hakuna mtu.

Mhandisi alirudi shimoni gizani kwa kupapasa. Aliukamata usukani wa kulia, akaufungua kwa nguvu zilizotoka asikokujua, akaegemeza sikio kwenye bomba la kituo cha umeme. Hakukuwa na mvumo. Hewa tu ilipita, ikipiga mluzi, halafu hata hiyo ikaisha. Tone la mwisho la mji lilikuwa limekwenda hospitalini, na kule mtoni pampu za mlinzi zilikuwa zimezima pamoja na mji wote.

Simu nyingine iligonga juu ya ile iliyo wazi. Akaipokea bila kuikata ile ya wodini.

Safari hii maneno yalisikika vizuri, kila moja, kwa sababu nyuma yake hapakuwa na mitambo tena.

"Shemeji," alisema mume wa dada yake, kwa upole ambao hakuwahi kumsemesha nao. "Nimezima. Sikulaumu, hukujua. Nataka kusikia neno moja tu kwako. Mke wangu ameshashuka?"